Kuhamisha mashua uani wakati nyumba inakarabatiwa, isije ikakuangushia ukuta

Nyumba nyingi za pwani uani kuna chombo kimelala. Inaweza kuwa mashua ya marehemu babu ambayo hakuna mwenye moyo wa kuipasua kuni, au boti ya faiba ya biashara iliyopandishwa kusubiri hela ya mashine, au ngalawa ndogo tu ya kuendea mshipi. Miaka inapita hakuna anayeihangaikia mpaka siku nyumba inaanza kukarabatiwa, mafundi wanataka kusimamisha jukwaa ukuta wa nyuma na mashua imekaa hapohapo, ndo utasikia "bosi hii tuitie mikono tuisogeze pembeni", watu sita wanaweka chini sepetu wanaenda kuitia mabega. Hawajaangalia chini kuna nini, hawajaangalia ndani kuna nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushua chombo, yaani kukiteremsha majini.

Nikupe ajali yenyewe inavyotokea halafu twende hatua kwa hatua. Chukua nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zamani, kuta nene, baraza mbele na nguzo zake, uani mashua ya mbao ya futi 22 juu ya magogo mawili yaliyokwisha kuliwa na mchwa. Fundi ameshabandua lipu, ameshatoa boriti kadhaa za dari, ameshachimba mtaro pembeni ya msingi aangalie unyevu unapanda kutoka wapi. Mashua haisogei kwa mikono kwasababu mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umezama mchangani. Kijana mmoja mjanja anakuja na cheni bloki, ile mashine ya mnyororo ya kuvutia mizigo, anaifunga kwenye nguzo ya baraza maana "hii nguzo iko hapa tangu enzi za sultani", wanavuta, haisogei, wanaongeza watu, wanavuta tena. Kinachokuja ni nguzo, na nguzo ikija inakuja na kipande cha dari.

Ukuta wa matumbawe una nguvu ya kubeba kwenda chini, hauna nguvu ya kuvutwa pembeni. Mawe yale yanashikana kwa uzito unaoyakandamiza kutoka juu zaidi kuliko yanavyoshikwa na chokaa, kwahiyo ukishatoa boriti na sakafu ya juu umeondoa kilichokuwa kinayabana, na ile nguzo iliyosimama miaka mia siku hiyo ni dhaifu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Beit al Ajaib pale Forodhani, Unguja, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Pale hapakuwa na mashua wala kamba, ila nyumba ya zamani iliyofunguliwa ndo ilivyo, usiichukulie poa.

Hatua ya kwanza: mashua itoke kabla fundi hajaanza

Hii ndo ya muhimu kuliko zote na ndo inayorukwa. Mashua ihame wakati nyumba bado nzima, mitaro haijachimbwa, jukwaa halijapandishwa, mchanga haujaletwa. Tipa ya mchanga ikishamwaga getini hiyo mashua haitoki tena mpaka mchanga uishe, na hapo katikati watu wataanza kuisogeza hatua mbili leo, hatua tatu kesho, kila kusogezwa ni hatari mpya.

Kaa na fundi mkuu kabla ya siku ya kuanza, muulize anapanga kumwaga wapi mchanga na kokoto, atachimba wapi, na ukuta upi utabanduliwa kwanza. Akikwambia "tutaona hukohuko" mwambie hapana mzee, tuone sasa hivi, tembea nae uani na mkuonyeshane kwa kidole. Ukishajua hayo utajua mashua iende wapi ambako haitaguswa tena mpaka kazi iishe. Kama kwako hapana nafasi, omba kwa jirani au ipelekwe kabisa ufukweni kwenye vyombo vya wenzio ambako kuna macho ya watu, nauli ya kupeleka na kurudisha ni ndogo kuliko kulipia ukuta.

Kuna hali moja tu ya kusubiri, kama geti au ukuta wa ua utavunjwa kupanuliwa. Basi mwambie fundi avunje hapo kwanza, mashua ipite, halafu ndo aendelee na mengine.

Hatua ya pili: mtafute mtu wa vyombo

Fundi wa nyumba anajua nyumba. Mashua mtafute nahodha, mvuvi mzoefu au fundi wa vyombo, kama uko Unguja ukiulizia watu wa Nungwi au Mkokotoni hukosi, Pangani wapo, Lamu ndo usiseme, hawa wameshua vyombo tangu watoto na wanajua chombo kinaegemea vipi kikianza kuchoka upande mmoja. Huyo ndo atakuwa anatoa amri siku hiyo, peke yake. Hata wewe mwenye mashua unyamaze, maana watu wawili wakipiga kelele mmoja "vuta" mwingine "subiri" nusu ya watu watavuta na nusu watasubiri, na chombo kitalala upande wa waliosubiri.

Mkubaliane malipo kabla, na mkubaliane pia kikivunjika kitu nani analipa. Watu wa kuvuta uwaandalie chakula, wali samaki watu washibe, ila baada ya kazi.

Hatua ya tatu: pima, usikadirie

Chukua mti mrefu au ubao, pima upana wa mashua pale penye tumbo, kata mti uwe sawa na upana huo, halafu tembea nao njia nzima mpaka nje. Ukikwama wewe na mti, mashua itakwama. Kwenye kona upana peke yake hautoshi maana kinachokusumbua ni urefu, omo (mbele ya chombo) inapita vizuri halafu tezi (nyuma yake) inafagia ukuta wa upande wa pili, na hapo ndo wengi wanavunja kona ya nyumba au wanapasua ubao wa ubavuni. Kona ichore chini mchangani kwa ukubwa wake halisi, watu wanne wasimame kwenye pembe nne za mashua ya kufikirika wageuke nayo, utaona kama inageuka au la. Watoto watawacheka, waache wacheke.

Halafu inua kichwa. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kwenye nyumba nyingi umening'inia chini kuliko unavyodhani, na wakati wa ukarabati unakuta umehamishwa kwa muda umefungwa kwenye mti. Mlingoti ung'olewe, foromali (mti wa kufungia tanga) itolewe, usijidanganye kwamba "itapita tu".

Hatua ya nne: angalia unapopitisha

Ua wa nyumba ya zamani una mambo chini yake. Kuna shimo la choo lililofunikwa na zege jembamba miaka ya nyuma, kuna chemba, kuna kisima kilichofukiwa na mtu ambaye ameshafariki, kuna tanki la maji la chini. Na ukarabati unaongeza ya kwake, mtaro wa bomba uliochimbwa juzi ukafukiwa jana, kwa juu ni mchanga umesawazishwa vizuri, gurudumu likipita linazama mpaka ekseli.

Waulize wazee wa nyumba choo cha zamani kilikuwa wapi, sio kile cha sasa, kile cha zamani. Chukua nondo ya milimita 12, tembea njia nzima ukidunga na kugonga kila hatua. Ardhi nzima inarudisha mlio mzito na nondo inagoma, penye shimo utasikia mlio wa utupu, na penye udongo uliofukiwa karibuni nondo inateremka kwa mkono mmoja. Angalia na kifuniko cha zege kama kina nyufa zenye rangi ya kutu, hiyo ina maana nondo za ndani zinaoza na zege linapasuka kwa sababu yake, hicho hata mtu mzima asisimame juu. Weka alama kwa majivu au chokaa kuzunguka kila sehemu ya wasiwasi na njia ipitie mbali nayo. Usijaribu kuweka ubao juu ya shimo la choo ukapitisha mashua ukisema ubao utagawa uzito, ubao unasaidia kwenye mchanga laini, kwenye shimo hausaidii kitu.

Hatua ya tano: toa kila kitu ndani

Hapa watu wanashangaa sana. Mashua iliyokaa uani kwenye nyumba inayojengwa inageuka stoo bila mtu kuamua, ukifunua turubai unakuta mifuko ya saruji, ndoo za rangi, vipande vya marumaru, nondo zilizokatwa. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kumi tu ni nusu tani, yaani umeongeza mashua nyingine ndani ya mashua.

Halafu kuna maji ya mvua. Lita moja ni kilo moja, kwahiyo maji ya kina cha sentimita 10 kwenye eneo la mita 4 kwa mita 1 ni kilo 400, na uzito huo hautulii, ukiinua omo maji yote yanakimbilia tezi na chombo kinakuponyoka mikononi bila onyo. Toa kizibo maji yaishe kabisa, kama hakuna kizibo watu waingie na vikopo, na takataka za majani zitolewe maana zenyewe zinashika maji.

Mashine ishushwe, hata ile ndogo ya hp 15 inakaribia kilo 40 na imening'inia mwisho kabisa wa chombo ambako inavuruga mizani. Tangi la mafuta, nanga, cheni, boksi la barafu, tanga, makasia, vyote nje. Na farumi jamani, watu wanasahau farumi, yale mawe ya kutuliza chombo, yamekaa chini ya sakafu ya mashua tangu ilipopandishwa na hakuna anayeyakumbuka.

Hatua ya sita: kagua chombo chenyewe

Mashua ya mbao iliyokaa nchi kavu muda mrefu imekauka, mbao zimesinyaa, pamba ya kalafati (ya kuzibia mishono ya mbao) imelegea na baadhi ya misumari imeliwa na kutu, imebaki rangi ndo inashika. Ukiivuta kwa nguvu inajinyonga na mishono inafunguka. Pita na bisibisi ukidunga kando ya mkuku na kwenye mataruma (mbavu za ndani), penye bisibisi kuzama kama kwenye papai hapo usiweke kamba wala gogo wala jeki. Kama mkuku wenyewe umeoza sehemu kubwa hiyo mashua haivutwi, inabebwa juu ya fremu ya mbao iliyotengenezwa chini yake, na kama hutaki gharama hiyo basi amua kama kweli unaihitaji.

Faiba yenyewe haiozi ila ina tabia yake, haipendi uzito wote ukae sehemu moja. Ukiiweka juu ya gogo moja katikati inapasuka kwa ndani, kwa nje unaona mistari midogo kama utando wa buibui, unasema ni rangi, halafu siku ya kwanza baharini inavuta maji. Weka mito ya magunia yenye mchanga au matairi ya zamani, na uzito ukae chini ya mkuku na kwenye mbavu.

Hatua ya saba: inyanyue kwanza, usiivute

Mkuku uliozama mchangani ndo chanzo cha nguvu zote zisizo na akili. Kabla ya kuvuta chochote chimba mchanga pande zote mbili za mkuku, weka ubao mpana chini ya jeki, jeki iingie karibu na omo chini ya mkuku, nyanyua kidogo, sukumiza ubao chini, nyanyua tena, ongeza ubao, halafu nenda tezi ufanye hivyohivyo. Nyanyua kidogokidogo na mbao zifuate, mashua isikae hewani juu ya jeki peke yake hata dakika moja, na mkono wa mtu usipite chini yake hata kama ni kutoa kajiwe. Kajiwe kanatolewa kwa fimbo.

Wakati inanyanyuliwa gadi, yaani miti ya kuegemezea chombo kisilale, ziwe zimesimama pande zote mbili, mbili kila upande si chini ya hapo, na kila gadi ina mtu wake anayeilegeza na kuikaza kadri chombo kinavyopanda. Gadi ikae juu ya kipande cha ubao isizame. Nimewahi kuona gadi moja imesimamishwa juu ya kipande cha marumaru mpya, marumaru ikapasuka, gadi ikateleza, chombo kikaenda kulala taratibu juu ya dirisha la fremu lililoletwa asubuhi hiyohiyo, aliyekuwa karibu alikuwa na akili ya kuruka nyuma.

Hatua ya nane: magogo na njia yake

Tandika mbao mbili ndefu ziwe reli, magogo yapite juu ya mbao na sio juu ya mchanga. Magogo ya mvinje yaliyonyooka yanafaa sana, au mabomba ya chuma ya inchi 3, mabomba ya plastiki yaache ya maji maana yanapasuka na kipande chake kinakata. Wakati wote yawe magogo matatu au zaidi chini ya mkuku na moja linasubiri mbele, anayeyachukua nyuma kuyaleta mbele ayashike pembeni kwenye ncha, asiweke kidole juu ya gogo wala mguu mbele yake. Na asivae kandambili. Najua ndo viatu vya kazi vya watu wengi, ila siku hiyo tafuta viatu.

Kama ni trela mambo ni machache: upepo wa matairi, ndoano imefungwa na pini yake, mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli ili trela isije ikanyanyua gari nyuma, mikanda miwili omo na tezi. Trela isikatwe kutoka kwenye gari ikiwa kwenye mteremko mpaka matairi yamewekewa kabari za maana, kokoto mbili tatu sio kabari.

Hatua ya tisa: kamba unaifunga wapi

Rudia kwa sauti na wenzio wasikie: nguzo ya baraza hapana, nguzo ya geti hapana, grili ya dirisha hapana, boriti inayotokeza ukutani hapana, na jukwaa la mafundi kabisa hapana, hilo limesimama kwa misumari na dua. Watu wanasema "sisi hatuvuti nyumba, kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba) ni la kugeuzia kamba tu". Hapo ndo wanapokosea zaidi. Kamba ikizunguka kapi ikarudi ilikotoka, pale kapi lilipofungwa panabeba karibu mara mbili ya nguvu mnayovuta, upande mmoja unavutwa na nyie na upande wa pili unavutwa na mashua. Mkivuta kwa nguvu ya kilo 300, nguzo inavutwa na kilo 600 kwa pembeni.

Funga kwenye mti ulio hai wenye mizizi yake, mwembe mzuri, na ufunge chini kabisa karibu na ardhi, weka gunia kamba isichune gamba. Mnazi nao unafaa ukifungwa chini, ila mnazi ulioinama au uliokatwa kichwa uache. Kama hakuna mti zika gogo: chimba handaki la kina cha mita moja likiwa limekingama na mnakovutia, laza gogo nene humo, kamba ifungwe katikati ya gogo na itoke kwa kijimtaro cha mshazari kuelekea mashua, fukia, shindilia kwa maji. Inachosha kuchimba, lakini haitoki. Na gogo lisizikwe karibu na msingi wa nyumba, maana utakuwa unalegeza msingi kwa kuvuta udongo wake.

Upande wa mashua usifunge kwenye pete ya nanga wala kwenye kipande chochote kilichopigiliwa misumari. Zungusha kamba chombo kizima kama mshipi, ipite chini ya mkuku, ubavuni weka magunia, na ivutwe chini usawa wa mkuku. Ukivutia juu omo itainama ichimbe mchanga, mtarudi kule kule.

Kamba yenyewe iangalie. Zile za plastiki za bluu na kijani zilizokaa juani, ukisugua kwa kidole zikatoa unga mkononi, hizo ni za kuanikia nguo. Nailoni ni nzuri ila inarefuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika inarudi na nguvu yote iliyokuwa inavuta, inaweza kumvunja mtu. Wakati kamba imekaza mtu asisimame kwenye mstari wake wala asiiruke, na katikati ya kamba tupia gunia zito lililoloweshwa, ikikatika gunia linaivuta chini. Watoto na wapiga picha wote nje ya ua. Sitanii kuhusu wapiga picha, siku hizi kila mtu anataka kurekodi na anasimama mbele kabisa ndo anapata picha nzuri.

Gari kuvuta? Kama una winchi ya mkono usitumie gari. Gari linashtua, dereva haoni nyuma, na akikanyaga mafuta hakuna anayesikia "simamaaa". Ukilazimika liende gia ya kwanza na mtu wa amri awe anaonana uso kwa uso na dereva.

Hatua ya kumi: mteremko

Kuvuta kwenye tambarare kunachosha, kuteremsha kunaua. Njia ya kushuka pwani lazima kuwe na kamba ya nyuma, izungushwe mara mbili au tatu kwenye mti na mtu mmoja au wawili washike mkia wake wakilegeza taratibu. Mizunguko ile juu ya mti ndo inashika mzigo, walioshika mkia kazi yao ni kuachia kwa adabu, ila wasiizungushe mkononi wala kiunoni. Hakuna mtu mbele ya mashua, hata yule anayebadilisha magogo aweke gogo akiwa pembeni.

Na hili waambie watu wote kabla ya kuanza: chombo kikianza kulala, kiacheni kilale. Kila mtu arudi nyuma. Silika inakutuma uweke bega uokoe mashua, lakini nusu tani ikishaanza kwenda haijui bega, na mashua ubavu wake ukivunjika ni mbao tatu na siku mbili za fundi, nyonga ya mtu ikivunjika ni mwaka mzima na huenda asirudi baharini tena.

Ikishafika

Isimamishe wima juu ya mbao na gadi zake, mbali na ukuta uliobanduliwa na mbali na pale jukwaa litakaposimama maana mawe na nyundo vinaanguka. Isikae karibu na shimo la chokaa, chokaa hai ikimwagiwa maji inachemka na inaruka, na vumbi lake linaingia kwenye mishono. Ifunike kwa makuti badala ya turubai lililokazwa, chombo cha mbao kinataka kupumua, na kila baada ya siku chache kimwagiwe maji ya bahari ndani na nje kisizidi kukauka. Maji ya chumvi, sio ya bomba, ya bomba yanaozesha. Na mtu asiifanye stoo, andika juu yake kwa chokaa "HAPANA SARUJI", kwa mafundi wengine hata hiyo haitoshi.

Kama ulikuwa na mpango wa kuichoma kwa makuti chini kuua wadudu, fanya ufukweni. Uani kuna thina, kuna vanishi, kuna mbao za mlango zimekauka, na paa la makuti la jikoni halisubiri cheche mbili.

Kuirudisha uani haraka ya nini. Zege jipya linafikia nguvu yake iliyokusudiwa kwenye siku kama 28, sakafu ya chokaa inataka muda mrefu zaidi, na magogo yakipita juu yake mapema yanaacha alama ambayo hakuna fundi atakayeifuta. Mimi ningesema ukarabati ukiisha mashua iende baharini moja kwa moja. Subiri bamvua, maji makubwa, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, Unguja maji yanajaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, iwekwe tayari kwenye mchanga maji yakiwa yametoka na nanga imeshawekwa, halafu maji yenyewe yaje kuinyanyua. Ikilowa siku za mwanzo itavuta maji mpaka mbao zivimbe, hilo ni kawaida, mtu alale karibu nayo na ndoo. Ikiwa mbao zimeshavimba na bado inavuta kasi ileile, ipandishe na umwite fundi wa kalafati aangalie mshono ulio karibu na mkuku, hapo ndo kwa kawaida panafunguka ikivutwa.